Kofia Kwanza: Vifaa vya Kinga kwa Mtu Mzima Anayeanza Kupanda Farasi

Farasi wa kawaida wa kupandwa ana uzito wa karibu kilo 500, na kichwa cha mtu aliyemkalia huwa zaidi ya mita 2 kutoka ardhini. Mtu mzima anayejifunza huanguka kwa uzito mkubwa kuliko mtoto, tena hukimbilia kutanguliza mikono. Kwa hiyo vifaa vyake huchaguliwa kwa kufuata ukubwa wa madhara yanayoweza kumpata: kichwa kwanza, kisha kiwiliwili, kisha miguu na mikono.

Helmeti ya baiskeli au pikipiki haifai hapa. Ya farasi hushuka zaidi kisogoni na hupimwa kwa ajali za farasi, ikiwemo kugonga kitu chenye ncha kama ukingo wa kwato. Kinachotafutwa ndani yake ni alama ya kipimo: ASTM F1163 pamoja na muhuri wa SEI kwa Marekani, au PAS 015 kwa Uingereza. Bei na urembo havithibitishi lolote.

Kazi kubwa hufanywa na povu gumu la polistirini lililo chini ya gamba. Kichwa kikigonga, povu hilo hubonyea na kumeza nguvu ya pigo, wala halirudi lilivyokuwa. Ndiyo maana helmeti iliyopata pigo kubwa hustaafishwa hata kama gamba halina mkwaruzo, na helmeti ya mtumba haipaswi kununuliwa kamwe, kwa kuwa historia yake haionekani kwa macho.

Helmeti hujaribiwa nywele zikiwa zimefungwa kama zitakavyofungwa siku ya kupanda. Hukaa sawa, kama vidole viwili juu ya nyusi. Ikitikiswa kabla mkanda haujafungwa, ngozi ya paji la uso husogea pamoja nayo. Ikibana mbele na kulegea pembeni, umbo lake haliendani na kichwa. Hapo hutafutwa muundo mwingine, si saizi kubwa zaidi.

Ustadi hauondoi haja ya helmeti. Mnamo Machi 2010, Courtney King-Dye, aliyeshiriki Olimpiki ya 2008 kwa upande wa Marekani, aliumia vibaya ubongo baada ya farasi wake kujikwaa akiwa mazoezini. Hakuvaa helmeti. Kuanzia 2021, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, limewalazimu wapandaji wote kwenye mashindano yake kuivaa.

Kizibao cha kinga huvaliwa kulinda mbavu, ini na bandama. Kipimo cha Ulaya, EN 13158, kina ngazi tatu, na anayeanza anastahili ngazi ya 3, kwa maana zilizo chini yake zina kinga ndogo. Kizibao kinatakiwa kubana bila kuzuia pumzi, kifunike mbavu zote, na nyuma kisiguse tandiko mtu akiwa amekaa. Vipo pia vizibao vinavyojaa gesi pale kamba iliyofungwa kwenye tandiko inapovutwa. Hivyo ni nyongeza: mashindano ya kuruka vizuizi vya porini yanadai kile cha povu kivaliwe pia.

Shingo hubaki wazi. Mwigizaji Christopher Reeve alikuwa amevaa helmeti na kizibao alipoanguka huko Virginia mwaka 1995, lakini alivunjika shingo na kupooza. Kwa hiyo farasi mpole na mwalimu makini ni sehemu ya kinga.

Kwa miguu, hatari kubwa ni kiatu kunasa kwenye kikuku, yaani chuma cha kukanyagia, na mtu kuburutwa. Buti huwa na kisigino cha karibu sentimita 2.5 kinachozuia mguu kupenya mbele, na soli isiyo na meno makubwa. Kikuku nacho huzidi upana wa buti kwa kiasi kama hicho, hivyo viwili hivi hupimwa pamoja. Glavu zenye kiganja kisichoteleza huzuia hatamu kuchubua vidole.

Fedha zikiwa haba, mpangilio hubadilika kidogo: helmeti mpya yenye alama na buti za kisigino hununuliwa kabla ya somo la kwanza. Kizibao hufuata kabla ya kuanza kuruka au kutoka nje ya uwanja. Pasipo helmeti inayokaa sawasawa, somo liahirishwe.