Korongo na Mwindaji: Uhakiki wa Riwaya ya Irvine Welsh

Riwaya ya Marabou Stork Nightmares, iliyoandikwa na Mskoti Irvine Welsh na kuchapishwa mwaka 1995, yastahili kusomwa na wanafunzi wa fasihi ya Afrika kwa sababu mbili. Kwanza, inasimulia maisha ya kijana mkatili aliyelelewa katika mtaa wa nyumba za halmashauri pembezoni mwa mji wa Edinburgh. Pili, kijana huyo, anapotaka kuikimbia nafsi yake, hukimbilia Afrika.

Mhusika mkuu, Roy Strang, amelala hospitalini hali hajitambui. Masimulizi yake yana ngazi tatu: sauti za wauguzi na jamaa zimfikiazo kitandani, kumbukumbu za maisha yake, na njozi ya kumwinda korongo aitwaye marabu huko Afrika Kusini. Hata maandishi hupanda na kushuka ukurasani kadiri Roy anavyoibuka au kuzama. Mbinu hii ina kazi maalumu. Kila kumbukumbu inapokaribia jambo lisilosemeka, msimulizi huzama njozini.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Jamaa za Roy husema Kiskoti cha mtaani, chenye matusi na mzaha mkali. Njozini, Roy na mwenzake Sandy Jamieson husema Kiingereza cha adabu, mfano wa kile cha vitabu vya vijana vya enzi ya ukoloni, ambamo Mzungu huenda Afrika kuwinda na kuonyesha ushujaa. Lugha yenye heshima ndiyo inayoficha uongo, ilhali lugha inayodharauliwa ndiyo inayobeba ukweli. Wanaodhani kwamba usanifu wa lugha ni dalili ya usafi wa mawazo watapata hapa hoja ya kutafakari.

Utotoni Roy anahamia Johannesburg pamoja na wazazi wake, na huko anadhulumiwa kimwili na jamaa yao Gordon, shabiki wa siasa ya ubaguzi wa rangi. Arudipo Edinburgh, anauona mtaa wake kuwa ni mahali walipotengwa watu wasiotakiwa mjini, kama vile Waafrika walivyotengwa. Ulinganisho huu una nguvu, lakini una kasoro. Mkazi wa mtaa ule alikuwa maskini, lakini alikuwa na kura, wala hakutakiwa kubeba pasi ili atembee katika nchi yake. Tena, kule Johannesburg Roy alikuwa upande wa wanaofaidi. Waafrika wenyewe wamebaki kama mapambo ya jukwaani.

Kiini cha riwaya ni ubakaji. Roy na wenzake wa genge la mashabiki wa mpira wanambaka msichana aitwaye Kirsty, na mahakama inawaachilia. Mwanzoni Roy anajisimulia kama aliyeburutwa na wenzake. Baadaye njozi zinapokwisha nguvu, inafichuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa kiongozi. Korongo aliyekuwa akimwinda ni yeye mwenyewe.

Wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Welsh anakubali methali hii kama maelezo, bali anaikataa kama utetezi. Dhuluma aliyotendewa Roy inaonyeshwa waziwazi, na msomaji anamhurumia; lakini huruma hiyo haimpunguzii Kirsty hata chembe ya madhara yake. Huo ndio ushujaa wa riwaya hii. Udhaifu wake ni kwamba Kirsty anapewa nafasi ya kusema kwa kirefu mwishoni tu, anapofika kulipiza kisasi kando ya kitanda, na kisasi hicho kinamfananisha na adui yake. Hivyo waliodhulumiwa, Mwafrika na mwanamke, wanaonekana zaidi kwa macho ya mdhalimu.

Msomaji wa Kenya anayo fursa ya kusahihisha jambo moja. Marabu anamfahamu. Humwona Nairobi, juu ya migunga iliyo karibu na Uwanja wa Nyayo na katika jaa la Dandora, akiokota taka na mizoga. Na katika ziwa Bogoria humwona akiwawinda heroe. Ni ndege mwenye sura mbaya, lakini hana hatia. Uovu ambao Roy alimvika haukuzaliwa Afrika. Aliubeba kichwani mwake.