Maua ya Machi Hupandwa Septemba

Harold Nicolson alikuwa na bustani asiyokaa nayo. Mwaka 1930, yeye na mkewe, mwandishi Vita Sackville-West, walinunua magofu ya Sissinghurst katika jimbo la Kent, Uingereza. Vita alibaki shamba. Harold siku za kazi alikuwa London, kwenye uandishi na, kati ya 1935 na 1945, Bungeni. Mwisho wa wiki alipanda treni kurudi nyumbani. Mwenye bustani wa namna hii ana tatizo la kiufundi: ua linaloweza kufunguka Jumatatu likapukutika Alhamisi, yeye halioni kabisa.

Jibu lake lipo mpaka leo, nalo linastahili kuchambuliwa. Ni njia iliyonyooka iitwayo Lime Walk, iliyopandwa miti ya linden pande zote mbili mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa kawaida wanandoa hao waligawana kazi: Harold alichora mistari ya bustani, Vita akachagua mimea. Hapa Harold alishika yote mawili, na akapaita mahali hapo kazi ya maisha yake.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kukataa. Njia hii ingechanua majira ya machipuko tu, Machi hadi Mei, basi. Shamba dogo likilazimishwa kuwa na maua mwaka mzima, huwa na machache kila siku na hakuna siku linapojaa. Sissinghurst iligawanywa kama nyumba yenye vyumba, kila chumba na msimu wake: bustani ya waridi hupamba moto Juni, na ile ya maua meupe, iliyokuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hufuata Julai. Kwa kuwa vyumba vingine vilibeba majira ya joto, Lime Walk iliruhusiwa kulala muda wote uliobaki.

Uamuzi wa pili ulihusu mwanga. Miti ile ilipogolewa na matawi yake kufungwa yalale mlalo, mti ukishikana na jirani yake, hata ikawa ukuta mwembamba wenye umbo hata pasipo jani. Lakini faida kubwa ni ya kalenda: linden huchelewa kutoa majani. Machi na sehemu kubwa ya Aprili jua hupita kati ya matawi matupu na kufika chini, ambako maua mafupi yanalihitaji. Kivuli kinapokuja, kazi ya yale ya mwanzo imekwisha.

Uamuzi wa tatu ndio uliotatua tatizo la mtu anayerudi mwisho wa wiki tu. Katika vitalu viwili vyembamba kandokando ya njia, Harold hakupanda aina moja kwa wingi, jambo ambalo lingempa wiki moja ya fahari na nyingine za udongo mtupu. Alichanganya jamii nyingi zenye ratiba tofauti: dafodili, Muscari za buluu, Anemone, Fritillaria, halafu tulipu. Kundi moja likiwa linafifia, jingine liko kileleni, na la tatu linatoa ncha ardhini. Mpishano huo ulimhakikishia kwamba hata akikosa wiki mbili, atakaporudi bado atakuta kitu kiko katika siku zake bora.

Ndani ya udongo, kilichoruhusu ratiba hiyo kutimia bila mwenyewe kuwepo ni kitunguu cha ua. Kipasue kitunguu cha tulipu kabla ya kupandwa: utakuta tabaka za nyama kama za kitunguu maji, na katikati ua dogo lililokwisha kuumbwa. Uumbaji huo hufanyika wakati wa joto, baada ya majani ya mwaka uliopita kukauka. Linalobaki ni baridi. Tulipu huhitaji takriban wiki 12 hadi 16 za baridi isiyozidi nyuzi 9 hivi, ndipo wanga ugeuke sukari na shina lipate uwezo wa kurefuka. Ikikosa baridi hiyo, ua hukwama karibu na ardhi au halitoki kabisa. Kwa hiyo dafodili hupandwa Septemba, tulipu husubiri Novemba ili udongo uliopoa upunguze ugonjwa wa ukungu, na majira ya baridi humalizia kazi. Mtu anayefika Aprili na kushangilia anaona matokeo ya jembe lililopita mwaka uliotangulia.

Gharama ipo. Baada ya maua, majani hayakatwi kwa wiki sita hivi, kwa sababu ndiyo yanayotengeneza chakula cha ua la mwakani. Yanalala, yanapata rangi ya njano, yanachukiza macho. Bustani ya misimu yote ingelazimika kuyaficha. Lime Walk haihitaji: mkazo umekwisha kuhamia chumba kingine. Hapo ndipo uamuzi wa kwanza unapolipa.

Vita vya pili vya dunia viliiacha njia ikiwa taabani. Harold alipopoteza kiti chake Bungeni mwaka 1945, aliirudia kwa bidii mpya, akaajiri mtunza bustani wa sehemu hiyo peke yake, na akawa anaweka daftari: lipi lilichanua vizuri, rangi zipi ziligombana, wapi pana pengo la kuzibwa vuli ijayo. Anayepanda vitunguu vya maua ana jaribio moja tu kwa mwaka, na kosa la Aprili husahihishwa Oktoba. Miezi sita ni mirefu mno kuitegemea kumbukumbu.

Je, msomaji wa Tanga au Mombasa afanye nini na haya yote? Asiagize tulipu, pwani haina baridi ya kuziamsha. Ila ana saa yake nyingine, nayo ni mvua. Scadoxus multiflorus, lile ua jekundu la mviringo linalochomoza ardhini baada ya ukame, na gloriosa yenye ndimi za moto, zote hulala kiangazi na kuamshwa na maji. Anayetaka kurudi safari akute nyumba imechanua na apande kabla ya masika, achague mimea inayopokezana, achague pia kona itakayokuwa kavu bila aibu miezi mingine. Halafu aandike tarehe ya mvua ya kwanza na ya kila ua lililofuata. Ukurasa huo mmoja utamfaa kuliko pakiti yoyote ya mbegu yenye picha nzuri.