Montre ya Uswisi ku dirisha ya ndege

Picha ile mnaijua wote. Mkono wa kushoto umewekwa karibu na dirisha ya ndege, shati imevutwa kidogo nyuma, chini kuko bawa na mawingu, na katikati montre ya chuma inang'aa. Maneno ya chini ni machache: "Tunasonga", ao jina la mji tu. Siku hizi inapita ku statuti za WhatsApp za benye kumaliza licence, sawa vile zamani picha ya toga ilikuwa inapita. Leo nataka kuisoma picha hiyo vile mtu anasoma filamu ao kitabu, juu naona inasema mambo mingi kuliko mwenye kuipiga anavyofikiri.

Tuipe kwanza haki yake. Saa ya mkono na ndege ni marafiki wa zamani kweli, haikuwa publicité iliyowaunganisha. Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekuwa anaendesha mabaluni yenye mota ku Paris, alilalamika kwa rafiki yake Louis Cartier kama saa ya mfukoni inamsumbua: mikono yote miwili iko ku usukani, utaichomoa na mkono gani? Cartier akamtengenezea saa ya kufunga ku mkono mwaka 1904. Katikati ya miaka ya 1950, Rolex ikatoa GMT-Master kwa ajili ya marubani wa Pan Am. Wao walikuwa wanavuka bahari na kubadilisha saa mara nyingi kwa wiki, na walihitaji kuona saa ya mahali walipo na saa ya kumbukumbu kwa mara moja. Njo maana ile saa iko na mkono wa nne unaozunguka mara moja kwa masaa 24, na duara ya inje yenye rangi mbili, nyekundu kwa mchana na bluu kwa usiku. Ilikuwa chombo cha kazi, sawa jembe.

Pan Am ilikufa mwaka 1991. Saa yake bado inauzwa, na mupya yake inapita dola 10,000.

Hapo njo picha yetu inaanza kudanganya. Inaazima heshima ya rubani na kuivalisha abiria. Lakini abiria haongozi kitu. Amefungwa mukanda, anangojea juisi na mkate, na kama ndege inazunguka juu ya mawingu kwa dakika 40 juu ya mvua, hakuna mtu atakuja kumuuliza ni saa ngapi. Hata rubani mwenyewe leo anasoma saa ku vioo vya mbele yake. Sisemi hivyo kwa kucheka. Nasema tu kama picha inaonesha mtu mwenye kutawala wakati, pahali ambapo mtu yule yule hana uwezo wowote juu ya wakati wake.

Kitu chenyewe nakiheshimu, na hapa nitakawia kidogo, mtanisamehe. Mimi ni mtu wa kilimo, napenda mashine ambayo haiombi betri. Ndani kuko utepe wa chuma uliokunjwa. Unavyosogeza mkono, kipande kizito kinazunguka na kuukaza. Nguvu ile inashuka pole pole kupitia meno ya magurudumu mpaka ku gurudumu ndogo inayokwenda na kurudi, mingi kati ya mashine za leo mara 8 kwa sekunde. Ni mapigo 28,800 kwa saa moja, mchana na usiku, na mwenye kuivaa amelala. Mashine yenye cheti cha Uswisi cha kronometa inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 ao kuwahi sekunde 6 kwa siku, si zaidi. Ni kazi nzuri ya mikono na akili. Ni kweli pia kama saa ya betri ya dola chache pale sokoni inaishinda bila kutoka jasho. Mwenye kununua ile ya bei kali ananunua uzuri wa kazi, na hiyo si zambi. Aseme tu vile.

Kuko woga fulani unaozunguka, tuupite mbio. Mashine ya kupitisha mizigo ku uwanja haiharibu saa ya namna hii. Hewa ndani ya ndege imewekwa sawa na ya mlima wa metre 1,800 mpaka 2,400, maana yake vijiji vya juu vya Lubero wanaishi karibu hivyo kila siku na saa zao zinatembea. Tofauti ya nguvu ya hewa ni kama robo tu ya ile ya pwani, wakati saa hizi zinafungwa kwa kuvumilia maji. Adui wa kweli ni sumaku: kifuniko cha begi, kasha la ecouteur, telefone uliyoilaza pembeni yake safari nzima. Chuma ndogo ya ndani inashikana, saa inaanza kukimbia. Fundi anaitoa ile sumaku kwa dakika chache. Na ku ukaguzi, usiiweke peke yake ndani ya kisahani kile cha plastiki. Itie ndani ya begi yako na ufunge.

Sasa tufike penye inauma. Ku Ulaya, montre na ndege vyote viwili ni alama ya mtu kupanda. Kwetu ndege haiko alama ya kupanda. Ndege ni barabara. Muulize mtu wa Kindu ao wa Kisangani juu ya nini amepanda ndege, hatakwambia anapenda mawingu, atakwambia njia hakuna. Pembeni ya mkono ule unaong'aa kuko mama mwenye bahasha ya majibu ya hospitali, kuko mwanafunzi ambaye familia nzima ilichanga, kuko mzee mwenye kubeba samaki kavu kwa mtoto wake. Picha imewakata wote. Imebakiza dirisha tu. Huo uchaguzi wa mahali pa kukata, kwangu mimi, njo kosa kubwa la hii aina ya picha kuliko bei ya saa.

Nimemuona mwenzetu mmoja, mwenye kazi ya miezi sita ku shirika moja, akichukua zamu yake ya likelemba yote na kuongeza deni juu yake kwa kununua montre ya namna hiyo mbele ya safari ya Kinshasa. Kontra yake ikaisha. Saa akaiuza hasara, na ile picha ya dirisha iko mpaka leo ku statuti za watu waliomsifu. Wengine wananunua zile za kuigiza, na hapo naona heri, juu hasara ni ndogo na picha ni ile ile. Hiyo yenyewe inaonesha picha inahitaji nini: inahitaji mng'aro, mashine ya ndani haina maana kwake.

Kuko na jambo lingine ambalo halionekani. Ile chuma nyembamba inayopigisha moyo wa saa nyingi za Rolex za leo inatengenezwa na niobium na zirconium. Niobium tunaijua: njo "kol" ya koltani yetu, na kule Lueshe, Rutshuru, kuko mlima wenye pyrochlore ambamo ilichimbwa. Sisemi ile iliyo ku mkono wako ilitoka kwetu. Brazili njo inatoa karibu yote duniani. Lakini mtu wa Kivu akiinamia montre ile na kuona Uswisi tu, anasoma nusu ya maandishi.

Na bado, naifikiria picha moja ambayo ningeipenda. Nchi yetu iko na saa mbili: Kinshasa iko moja mbele ya GMT, Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko mbili mbele. Uwanja wa Goma ulifungwa mwezi wa Januari 2025. Tangu hapo, mtu wa Goma mwenye kwenda ku muji mkuu wa nchi yake mwenyewe anaweza kujikuta anavuka mpaka, anapanda ndege kwa jirani, analala ku Addis Ababa ao Nairobi, ndipo anashuka Kinshasa. Anasogeza saa moja mbele, halafu mbili nyuma, kwa safari ambayo ku karta ni kama kilometre 1,500 na kitu, ndani ya nchi moja. Hapo mkono wa nne unapata tena kazi iliyouzaa. Upige picha pale, usiku, ku benchi ya uwanja wa wenyewe, si ku dirisha: mkono wa masaa 24 umebaki ku saa ya Goma, mwingine ku saa ya Addis, pasipoti juu ya magoti. Na ku maneno ya chini uandike uko safarini kutoka wapi kwenda wapi.