Breki za Kupampu: Ugonjwa Uko Kwenye Habu

Land Cruiser 80 inayofanya safari za Kitale na Bungoma ilifika gereji na lalamiko ambalo mafundi wa ukanda huu wamelizoea. Ukikanyaga breki mara ya kwanza pedali inazama. Ukikanyaga mara ya pili inashika. Pedi za mbele zilikuwa zimebadilishwa si muda mrefu uliopita, na breki zilikuwa zimetolewa upepo tena na tena. Hata hivyo dereva aliendelea kupampu kila alipoteremka kuelekea daraja la Kamukuywa.

Mwishoni gari liliwekewa diski na pedi mpya. Lakini vipuri hivyo pekee visingeiponya pedali. Kilichoiponya ni kazi iliyofanyika nyuma ya diski, mahali ambapo wengi hawafungui kwa sababu kazi yake ni ndefu na ya uchafu.

Upepo ulisingiziwa

Breki yenye upepo huwa laini kila wakati, gari likiwa limesimama au likitembea. Hii haikuwa hivyo. Gari likiwa limeegeshwa, pedali ilikuwa ngumu, na ilibaki ngumu hata baada ya kuachwa kwa muda. Ilizama tu baada ya gari kupita kwenye barabara ya murramu yenye mashimo, tena ule mkanyago wa kwanza peke yake.

Dalili hiyo inaelekeza kwingine. Beringi za gurudumu zikilegea, diski huyumba kidogo kila gurudumu linapogonga shimo au gari linapokata kona. Kuyumba huko kunazisukuma pedi, nazo zinazirudisha pistoni ndani ya kalipa. Dereva akikanyaga, mkanyago wa kwanza wote unaishia kuzileta pistoni karibu na diski, na wa pili ndio unaofunga breki. Ukitoa upepo mara kumi hutapata kitu, maana upepo haumo.

Kuna jaribio la kuthibitisha ambalo halihitaji mashine. Gari liliinuliwa kwa jeki na kuwekwa kwenye stendi, kisha tairi likashikwa juu na chini na kutikiswa. Lilicheza. Mtu wa pili akakanyaga breki huku tairi likitikiswa tena, na mchezo ukaisha. Hapo ikajulikana kuwa tatizo ni beringi za habu. Kama lingeendelea kucheza breki ikiwa imekanyagwa, lawama ingeangukia beringi za ile nako ya mbele inayogeuza gurudumu, na hiyo ni kazi nyingine.

Joto la mteremko

Mbali na beringi, barabara hizi zinaziadhibu breki zenyewe, na hesabu yake si ngumu. Gari la kilo 2,500 likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa hugeuza takriban kilojuli 600 kuwa joto. Gari hilohilo likishuka mita 100 kwenda chini hutoa karibu kilojuli 2,450, sawa na kusimamishwa ghafla mara nne.

Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma takriban mita 1,400. Tofauti hiyo ya mita 500 imetandazwa katika safari nzima, hivyo sehemu kubwa ya nguvu yake humezwa na upepo, matairi na injini. Balaa liko pale mteremko unapokuwa mfupi na mkali: bonde la Kamukuywa, njia ya kutoka Kapsokwony kushuka Kimilili, au kwa anayeelekea kaskazini, Kapenguria hadi Marich. Huko dereva asiyeshusha gia anaiachia diski joto lote, na diski iliyokwisha kuwa nyembamba haina chuma cha kutosha kulibeba.

Kupima kabla ya kununua

Kwa hiyo kazi ilianza na vipimo. Kwenye Land Cruiser 80 nyingi, diski ya mbele ikiwa mpya ina unene wa milimita 32 na kikomo chake ni 30. Gari likiwa na diski za aina nyingine, namba ya kikomo huwa imechapwa kwenye chuma chenyewe, na hiyo ndiyo ya kuaminiwa. Unene hupimwa kwa mikromita pale pedi zinapokwaruza, kwa sababu ukingo wa nje ambao pedi haziufikii hubaki mnene na kudanganya jicho.

Wengi hupenda kupeleka diski kwa mchonga vyuma zikasawazishwe kwenye leithi. Si kosa, mradi hesabu ifanywe kwanza. Kati ya 32 na 30 kuna milimita moja tu ya kuliwa kila upande. Diski iliyokwisha kuliwa nusu milimita kila upande, ikichongwa nusu nyingine ili mifereji iishe, inatoka kwenye mashine ikiwa imefika kikomo siku hiyohiyo. Za gari hili zilikuwa zimekaribia 30 na zilikuwa na mifereji ya tope na mchanga. Kuzichonga kungekuwa kulipia chuma cha kutupwa.

Kipimo cha pili ni kuyumba kwa diski inapozunguka. Toyota inaruhusu hadi milimita 0.15. Diski ilizidi hapo, lakini beringi zikiwa zimelegea huwezi kujua kama kosa ni la diski au la habu. Ndiyo maana kipimo hiki kilirudiwa baada ya kila kitu kufungwa upya.

Kufungua habu

Kwenye magari mengi madogo ya siku hizi diski inavutwa kwa mkono baada ya kutoa kalipa. Kwenye Land Cruiser ya ekseli nzima, diski imefungwa kwa bolti upande wa ndani wa habu. Huwezi kuitoa bila kuitoa habu, na habu haitoki bila kufungua beringi. Land Rover Defender imejengwa kwa namna hiyohiyo. Hapo ndipo fundi mwenye haraka anapobadilisha pedi peke yake na kuliachilia gari liende.

Kalipa ilifunguliwa na kuning'inizwa kwa waya, isining'inie kwa mpira wake. Nati za kifuniko cha habu zilitolewa, kisha kifuniko kikagongwa kwa kipande cha shaba hadi zile washa zenye umbo la koni zikaruka. Anayezilazimisha kwa bisibisi huharibu stadi. Ndani mna nati mbili za beringi zinazohitaji soketi ya milimita 54. Fundi asiye nayo huzigonga kwa patasi, na kazi iliyopita ilikuwa imeacha alama za patasi waziwazi.

Grisi ilikuwa nyeusi na nyepesi. Ilichunguzwa kama imechanganyika na oili ya difu, maana sili ya ndani ya ekseli ikichoka, oili hutoka hadi kwenye nako, kisha kwenye habu, mwisho kwenye pedi. Pedi iliyolowa mafuta haioshwi, inatupwa. Beringi zilioshwa, zilizokuwa na madoa zikabadilishwa pamoja na vikombe vyake, sili mpya zikawekwa, na grisi ikasukumwa ndani ya kila beringi kwa kiganja hadi ikatokea upande wa pili.

Kufunga kwa namba

Nati ya ndani inakazwa kwanza kwa niutoni mita 59, habu ikizungushwa ili beringi zikae. Inalegezwa, kisha inakazwa tena kwa niutoni mita 5.4 tu. Halafu mizani ya ndoano inafungwa kwenye bolti ya gurudumu na kuvutwa: habu inapaswa kuanza kuzunguka mizani ikisoma kati ya kilo 2.8 na 5.7. Mizani hiyo inauzwa sokoni, hivyo kukosa kifaa si kisingizio. Nati ya pili inafunga kwa niutoni mita 64, na washa iliyo katikati inakunjwa.

Diski mpya ilikuwa imesafishwa mafuta yake ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa. Kuyumba kukapimwa tena, na safari hii kulikuwa ndani ya kikomo.

Kalipa ya mbele ina pistoni nne. Zilisukumwa nyuma huku nipeli ikiwa imefunguliwa, ili mafuta machafu yatoke nje badala ya kurudi kwenye silinda kuu. Mafuta yote yakabadilishwa. DOT 3 ikiwa safi huchemka kwa nyuzi 205. Ikishavuta unyevu hadi asilimia 3.7 huchemka kwa nyuzi 140. Mteremko mmoja unatosha kufikia joto hilo. Upepo ulitolewa kwenye magurudumu yote, pamoja na kwenye vali ya nyuma inayopima mzigo, ambayo husahaulika sana.

Pedali ya Kitale

Baada ya kazi, pedali haikuzama tena, ila ilihitaji mguu wenye nguvu kidogo. Huo si ugonjwa. Sevo ya breki inasaidiwa na mgandamizo wa hewa ya nje, na kwa mita 1,900 mgandamizo huo ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Gari lililozoea Mombasa likifika Kitale, breki zake zitahisi ngumu zaidi hata zikiwa mpya.

Pedi zikazoeshwa kwenye sehemu tambarare: kupunguza mwendo kutoka kama 50 hadi 10 bila kusimama kabisa, kurudia mara kadhaa, kisha kuendesha bila kugusa breki ili zipoe. Kusimama zikiwa moto huchapa umbo la pedi kwenye diski.

Mwenye gari anayelipia kazi hii aombe namba nne ziandikwe kwenye risiti: unene wa diski, kuyumba kwake baada ya kufungwa, kilo za mizani kwenye habu, na aina ya mafuta yaliyotiwa. Fundi aliyefungua habu atazijua zote. Aliyebadilisha pedi peke yake atakuwa na moja tu, nayo ni ile iliyoandikwa kwenye chupa.