Neno «patrino» na mama yetu

Wasomaji wetu wengi wamesikia habari ya Esperanto, lugha iliyotungwa na muganga wa macho Ludwik Zamenhof, aliyeitoa kwa kitabu kule Warszawa mwaka 1887. Tuisifu kwanza: sheria zake ni 16 tu, na mutu akishika mizizi michache anajenga maneno mengi. Lakini ndani ya ile nyumba nzuri kuna neno moja linalonisumbua.

Baba ni patro. Mama je? Patrino. Ni lile neno la baba, limetiwa kipande -in- cha kike. Vilevile viro ni mwanaume, virino mwanamuke. Wanaoitetea wanasema: ni kwa kupunguza kazi ya mwanafunzi. Sawa, lakini kwa nini anayepunguzwa ni mama? Kirusi, Kipolonia, Kijerumani na Kiyidishi, lugha alizozijua Zamenhof, kila moja ina neno la mama lisilotoka kwa baba. Wajerumani hutia -in kwa mwalimu wa kike au kwa malkia, si kwa mama. Yeye alichukua desturi ya shule na ya ufalme, akaiingiza hata nyumbani.

Sisi Wabantu tungepotea hapa. Baluba wa Kasai wana tatu mukaji, ndiyo kusema baba mwanamuke. Je, ndiye mama? Hata kidogo! Ni dada ya baba, mwenye heshima ya ubaba. Basi katekista akifasiri patrino kipande kwa kipande, atapata shangazi; na Bikira Maria, anayeitwa Dipatrino katika lugha hiyo, atageuka shangazi wa Mungu! Kwetu kujua mume na muke hakutoshi, sharti kujua ukoo.

Wengine walijaribu kutengeneza. Wenye Ido, mwaka 1907, waliacha frato liwe ndugu yeyote, wakatia -ul- kwa mume na -in- kwa muke. Katika Esperanto yenyewe wako wanaotumia -iĉ- kwa mume, lakini kitabu cha Musingi cha mwaka 1905 hakina kipande hicho. Hata wazazi wote wawili, gepatroj, muzizi wao ni baba.

Lakini sikubaliani na wanaosema neno hili ni tusi. Roma iliruhusu Misa kwa Kiesperanto mwaka 1990, na anayesali humo hachambui silabi: akisema Dipatrino, anamwona Mama. Ni mufasiri tu asiye na raha hiyo. Yeye lazima aandike mama, hata kama muzizi mbele ya macho yake unasema baba.