Kinanda cha Kitoto, Sauti ya Mkwaruzo: Ucheshi wa Jagwa Music kwa Sikio la Buha

Uhakiki wa nyimbo za Kiswahili una mazoea ya kuanzia kwenye karatasi: maneno hunakiliwa, beti huhesabiwa, tamathali hubainishwa. Taarab imefaidika sana na mazoea hayo, na muziki wa dansi umepata sehemu yake kupitia Mbaraka Mwinshehe na Remmy Ongala. Mchiriku umeambulia sifa ya uhuni. Ndiyo maana Bongo Hotheads, mkusanyo wa nyimbo za kundi la Jagwa Music la Dar es Salaam uliotolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2012, haujapewa hadhi unayostahili. Nyimbo zake hazinakiliki vizuri. Makala haya yanadai kwamba huko kutonakilika ndiko kunakobeba ucheshi wake.

Mchiriku ulichipuka katika vitongoji vya watu wa kipato cha chini, ukichota kutoka ngoma za Wazaramo na chakacha. Badala ya magitaa, ambayo bei yake haikufikika, vijana walichukua vinanda vidogo vya Casio, wakaviunganisha na vikuza sauti chakavu na spika za tarumbeta, wakaongeza ngoma na kigoda kinachopigwa kwa vijiti. Kanda zake zilisikika ndani ya daladala na kwenye vibanda vya chai.

Spika za namna hiyo humeza besi, na vikwamizi kama /s/ na /f/ huchanganyika na mkwaruzo wa mitambo. Kinachosalia ni irabu na mkazo. Kiswahili kinastahimili adhabu hiyo kuliko lugha nyingi: silabi zake nyingi ni wazi, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Jackson Kazimoto, mwimbaji kiongozi, huimba kama anayelijua jambo hilo. Hajitahidi kutamka kwa usafi. Husukuma mkazo mbele, na msikilizaji hukamilisha neno mwenyewe. Utaratibu huu ni wa fumbo. Mzaha unaokamilishwa na hadhira hucheka mara mbili.

Hapa msikilizaji wa Kasulu au Kibondo ana jambo la kutufundisha. Inanga, ala ya nyuzi inayojulikana Buha na Burundi, ina mtindo mashuhuri huko Burundi ambapo mwimbaji hunong'ona badala ya kuimba. Kunong'ona hakuna mtetemo wa nyuzi za sauti, kwa hiyo hakuna toni. Na Kirundi, kama ndugu yake Kiha, ni lugha ya toni. Toni iliyopotea kinywani hurejeshwa na nyuzi za ala. Sikio lililolelewa karibu na desturi hiyo halishangai kupokea neno nusu kutoka kinywani na nusu kutoka kwenye ala. Halimwombi Kazimoto arudie kwa sauti safi. Casio inapomdaka kishazi na kumjibu, sikio hilo linajua kwamba usemi bado unaendelea, ingawa Kiswahili hakina toni ya kurejeshewa; kinachorejeshwa ni mdundo wa usemi na ile dhihaka yake.

Dhihaka hiyo ina chanzo kingine, nacho ni ala yenyewe. Casio ndogo ni kinanda cha mtoto anayejifunza. Jagwa Music wanakikabidhi uongozi wa nyimbo kuhusu dhiki ya mjini na mapenzi yenye usaliti, wala hawakikonyezi jicho. Hata jina la kundi, kwa tahajia yake ya Kiswahili, linaleta akilini gari la kifahari kuliko yote wanayoyapanda wasikilizaji wake. Jina la mkusanyo nalo linacheza: Bongo ni jiji linalodai ubongo, na hapo hapo linabandikwa vichwa vya moto.

Kasoro ipo. Kasi haipungui sana, na anayesikiliza mkusanyo mzima kwa mkupuo mmoja huchoka sikio kabla ya kufika mwisho. Ni muziki wa mkesha; kiti na utulivu wa chumbani haviutendei haki.

Wapenzi wa Ulaya walishazoeshwa kelele za aina hii na Konono N°1 ya Kinshasa, ambayo Congotronics yake ilitolewa na kampuni hiyo hiyo mwaka 2004. Asiyejua Kiswahili husifu mkwaruzo akakosa maneno. Sisi tunaojua maneno tunataka kuuosha mkwaruzo kwanza, ndipo tuhakiki. Mtafiti anayekwenda Buha kurekodi inanga akarudi na maneno matupu daftarini amefanya kosa lile lile, tena kwa gharama kubwa zaidi, kwa kuwa toni alizoziacha kwenye nyuzi ni sehemu ya maana ya maneno aliyoyaandika. Unukuzi wa mchiriku uanze basi kwa kuacha nafasi wazi, zilizopimwa urefu, kila mahali Casio inaposhika zamu ya kusema.