Breki ya Ua la Nanasi

Ruiru na Thika, miji ya Kenya, ni majirani, ila mazao yao yanafundisha mambo mawili tofauti kuhusu jeni. Ruiru 11, kahawa iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilipatikana kwa kuchanganya mbegu hadi mmea ukapata jeni za kuhimili chulebuni na kutu ya majani, jeni ambazo kahawa ya aina ya SL28 haina. Kwenye kilimo kikubwa cha mananasi kama cha Thika, hakuna jeni inayoongezwa. Mkulima hunyunyiza dawa ya ethefoni katikati ya mmea, pale majani machanga yanapochomoza. Dawa huvunjika ndani ya seli na kutoa gesi ya ethilini. Baada ya wiki kadhaa moyo wa mmea huwa mwekundu, na shamba zima huchanua kwa pamoja, jambo ambalo kiwanda cha kusindika hulihitaji. Mkulima mdogo hufika hapo hapo kwa kabidi ya wachomelea vyuma: ikikutana na maji hutoa asetilini, gesi inayoiga ethilini.

Ni rahisi kudhani kwamba ethilini inawasha jeni moja kwa moja. Nadhani sivyo: inaachia breki. Mwaka 1993 Joseph Kieber na wenzake walichunguza arabidopsisi, mmea mdogo wa ukoo mmoja na sukumawiki, wakakuta kwamba protini iitwayo CTR1 ikiharibika, mmea huishi kana kwamba umezamishwa ndani ya ethilini, hata pasipo gesi yoyote. Kwa hiyo kazi ya CTR1 ni kuzuia. Ethilini ikishika vipokezi vyake, kizuizi hulala, ujumbe hufika kwenye kiini cha seli, na jeni zilizokuwa zimenyamazishwa huanza kusomwa.

Mtu atasema nanasi si sukumawiki. Ni kweli, na si kila hatua inaweza kuhamishwa hivi hivi. Lakini Trusov na Botella, nchini Australia, walizima jeni ya nanasi inayosaidia kutengeneza ethilini, na mwaka 2006 wakaripoti kwamba mimea hiyo ilichelewa kuchanua. Basi ethilini ni ishara ya nanasi lenyewe, ambayo kwa kawaida huchochewa na usiku wa baridi. Mkulima anaitanguliza tu. Wala haitoshi peke yake. Mche mchanga huitika vibaya, na ukiitika huzaa tunda dogo, kwa sababu jeni za ua zikishaanza kazi ncha ya shina huacha kuuongezea mmea majani, na tunda hulishwa na yale yaliyokwisha kuota.